Mahindi yalikatika Desemba, taarifa zilikuwepo tangu Oktoba

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Moshi. Yeye na mume wake wana kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo chenye wafanyakazi 23, na kwa siku wanatoa mifuko kama 160 ya kilo 50, sehemu kubwa ikiwa chakula cha kuku wa mayai na kuku wa nyama. Wana meneja wa uzalishaji, meneja wa mauzo, mhasibu, mtunza stoo na wasimamizi wawili wa mashine. Anaandika kwamba kila siku anapokea jumbe zisizopungua 40 kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda: picha za mizani, picha za risiti, nani kachelewa, mashine gani inapiga kelele. "Najua kila kitu kinachoendelea," anasema, "lakini wiki ya kwanza ya Desemba mahindi yalituishia, tukasimama siku nne na wateja wakahamia kwingine. Kila Januari tunaandika mpango wa mwaka, kwamba mauzo yaongezeke asilimia 15, ikifika Machi hakuna anayeukumbuka. Sasa kuna kijana anatuuzia programu ya kompyuta ya mamilioni. Tununue? Na kila mtu kiwandani anatakiwa ajue nini?"

Dada yangu, pole sana kwa hizo siku nne. Desemba huku kwetu si mwezi wa kusimamisha mashine. Watu wanapanda kutoka Dar es Salaam na kila pembe kuja kula Krismasi migombani, na mfugaji aliyekuta ghala lako tupu wiki ile hakuwa na nafasi ya kukusubiri, kuku wake walikuwa wanataka kula jioni ileile.

Programu usinunue kwanza, nitairudia. Nataka tuanze na neno lako "najua kila kitu", maana hilo ndilo lililonisimamisha nilipokuwa nasoma barua yako. Unajua kila kitu kilichotokea leo. Kinachokuja Desemba, mwezi Oktoba hakuna mtu kiwandani kwako aliyekuwa na kazi ya kukijua.

Chukua gunia moja la mahindi linaloshushwa kwenye Fuso asubuhi getini kwako. Mpokeaji anachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchukulia sampuli, ubavuni mwa gunia, punje zinamwagika kiganjani. Anazigeuza kwa kidole gumba akitafuta zilizooza na zenye ukungu, anazinusa, kisha anazitia kwenye kipima unyevu. Kinasoma 16. Mahindi ya kuweka stoo yanatakiwa yasizidi asilimia 13 na nusu hivi. Pale pale, kabla kuli hajashusha gunia la pili, lazima aamue: yapokelewe yakaanikwe, bei ishushwe, au gari ligeuze. Anachohitaji kujua ni kidogo, lakini kiwe sahihi kabisa na kiwe cha sasa hivi. Kipima unyevu kikikosea kwa nukta mbili, uamuzi wake wote umeharibika.

Mwisho wa mwezi, meneja wako wa uzalishaji hana haja na lile gunia. Yeye anahitaji kujua kwamba magunia yaliyotoka Kiteto kupitia dalali fulani yalikuja na unyevu kiasi gani kwa wastani, ya Babati kiasi gani, mangapi yalirudishwa, na uzito uliopotea kwenye kuanika ni kiasi gani. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 16 zikikaushwa hadi 13 zinabaki kilo 96 na nusu. Zile tatu na nusu ni maji, nawe umeyalipia bei ya mahindi. Kwa uzalishaji wako, mahindi yakiwa kama asilimia 55 ya mchanganyiko, unatumia magunia 44 ya kilo 100 kwa siku. Kama yote yangekuja na unyevu huo, kila siku ungekuwa unanunua gunia moja na nusu la maji. Uamuzi wa meneja ni dalali gani aendelee naye na bei gani wakubaliane mwezi ujao.

Wewe na mzee mwenzako mkikaa kuangalia mwaka, hata huo wastani wa mwezi ni mwingi. Mnachotaka ni namba moja: kwa mwaka mzima tumepoteza tani ngapi kwenye unyevu, na je, hasara hiyo inatosha kujenga kikaushio chetu, au tujenge stoo kubwa tununue wakati wa mavuno mahindi yakiwa makavu? Uamuzi huo utaishi nanyi miaka kumi.

Gunia ni lile lile, ila limetoa taarifa tatu kwa watu watatu. Ukimpelekea mtu taarifa ya mwenzake, umempelekea mzigo.

Mgawanyo huu si wangu. Profesa mmoja wa Harvard, Robert Anthony, aliuweka wazi mwaka 1965: kuna upangaji wa mkakati kule juu, kuna udhibiti wa menejimenti katikati, na kuna udhibiti wa shughuli za kila siku huku chini. Wanafunzi wa biashara wanauchora kama piramidi, na nadhani mchoro huo umetupoteza wengi, kwa sababu tukiona piramidi tunaona vyeo. Jambo lenyewe ni muda. Uamuzi wa mpokeaji getini unafika mpaka jioni, wa meneja unafika miezi mitatu, wako unafika miaka. Kadiri uamuzi unavyokwenda mbali, ndivyo taarifa yake inavyokuwa ya jumla zaidi, isiyo na uhakika wote, na inavyozidi kutoka nje ya kuta za kiwanda.

Watu wa Kilimanjaro wanalijua hili kwa kahawa. Mkulima wa Kibosho akifikisha mzigo wake chama cha msingi, karani anaandika jina na kilo. Chama kikuu cha ushirika, mfano KNCU iliyoanzishwa 1933, kinahitaji kujua chama gani kina tani ngapi ili kipange magari na fedha. Mnunuzi wa mnadani anataka daraja na ladha ya kahawa kikombeni. Hakuna anayemsomea mnunuzi majina ya wakulima wa Kibosho mmoja mmoja, ingawa bila daftari la karani hata hicho kikombe kisingekuwepo.

Sasa turudi kwenye Desemba yako, maana ndipo penye somo lote.

Kuku wa nyama anakaa bandani wiki tano, sita. Anayetaka kuuza Krismasi anaingiza vifaranga mwanzoni mwa Novemba. Kabla ya hapo ameweka oda kwa wakala wa vifaranga, na kwa msimu huu oda zinaanza Oktoba, maana wote wanawataka wiki moja. Kifaranga huyo mpaka anachinjwa atakula zaidi ya kilo tatu, ila hali sawasawa. Wiki tatu za kwanza anadonoadonoa, na karibu theluthi mbili ya chakula chote anakila wiki mbili za mwisho. Kwa hiyo vifaranga 10,000 wakiingia mabandani Hai, Boma Ng'ombe na Kiboriloni tarehe 8 Novemba, chakula cha kuanzia kitauzika kidogo tu, kisha kuanzia mwisho wa Novemba tani 20 hivi za chakula cha kumalizia zitatakiwa ndani ya siku kumi na nne.

Taarifa hiyo ilikuwepo sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa mawakala wa vifaranga, mwezi Oktoba, kwa gharama ya kupiga simu nne. Ya pili ilikuwa dukani kwako, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mauzo ya chakula cha kuanzia lazima yalipanda wiki ya pili ya Novemba, na kila mfuko ulitolewa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Nina hakika mhasibu wako alizifunga hesabu zile vizuri na kodi ikalipwa. Ila hakuna aliyeambiwa kwamba mfuko mmoja wa chakula cha kuanzia leo ni ahadi ya mifuko kama miwili ya kumalizia wiki tatu zijazo.

Kuku wa mayai nao wanatabirika, tena kwa utulivu. Kuku 1,000 wanaotaga wanakula kama kilo 120 kwa siku, mvua inyeshe jua liwake. Na mteja aliyechukua vifaranga vya mayai Juni, kuku wake wanaanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, yaani ataanza kuchukua chakula cha wanaotaga karibu na Novemba. Meneja wa mauzo mwenye daftari la wateja 60, likionyesha nani ana kuku wangapi na wa umri gani, anaweza kukwambia mauzo ya miezi minne ijayo kwa ukaribu ambao wafanyabiashara wengi wangeulilia.

Nani alitakiwa aviunganishe hivi? Si mtunza stoo, yeye anaona mahindi yaliyopo tu. Si wewe, ulikuwa unasoma jumbe 40. Ni ngazi ya katikati, na hapo ndipo ninapoona biashara nyingi za Moshi na Arusha zinavuja. Tunampa mtu cheo cha meneja, halafu tunamfanya mpeleka salamu: analeta habari juu, anarudisha amri chini. Hana karatasi hata moja anayolinganisha mambo mawili. Kazi yake hasa ni kulinganisha, mwezi huu na uliopita, tulichopanga na kilichotokea, kilichopo stoo na kinachokuja kuliwa, kisha kusema mapema kwamba hapa tutakwama.

Tuifanye kwa hesabu. Unatumia magunia 44 kwa siku. Tuseme tangu umpigie dalali mpaka Fuso lifike ni siku tano, na unajiwekea tahadhari ya siku tatu kwa gari bovu na mizani barabarani. Siku nane mara 44 ni magunia 352. Andikeni 350 kwa chaki nyeupe, kubwa, kwenye mlango wa stoo kwa ndani. Siku ambayo rundo limefika 350, mtunza stoo anaagiza. Haombi ruhusa wala hakutumii picha, anaagiza kwa madalali mliowapitisha na ndani ya bei mliyoweka. Huo ni uamuzi wa ngazi yake na anaouweza kabisa.

Lakini Desemba 350 ni namba ya kukuangusha. Mauzo yakipanda hadi mifuko 240 kwa siku unatumia magunia 66, na magari ni ya kugombania, kwa hiyo weka siku saba za kusubiri badala ya tano. Siku kumi mara 66 ni magunia 660. Mtu anayetakiwa kuifuta 350 na kuandika 660 mapema Novemba ni meneja wa uzalishaji, baada ya kukaa na yule wa mauzo aliyepiga simu zile nne. Na mtu anayehakikisha kuna fedha ya magunia 660 na mahali pa kuyaweka ni wewe, nawe ulipaswa kulijua hilo tangu Julai. Mtunza stoo anaifuata namba, meneja anaiweka namba, mwenye mali anaweka fedha na mipaka inayofanya namba hiyo iwezekane. Kama mwaka jana mtu angekuambia kiwango cha kuagizia kinatakiwa kiwe karibu mara mbili, ungekuwa na wiki nne za kutafuta mahindi. Uliambiwa siku stoo ilipokuwa imefagiliwa.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili kwa uchungu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa stoo kwenye kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapo Arusha. Kila jioni nilijaza fomu ya kilichobaki, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, nikazipeleka ofisini. Msimu mmoja saruji ilikatika wateja wakiwa wamepanga foleni mpaka barabarani, na nikaitwa kuulizwa kwa nini sikusema. Nilikuwa nimesema siku tisa mfululizo. Tulipofungua droo tulizikuta fomu zangu za miezi mitano, bado zimebanwa kwa pini kama nilivyozibana mimi, hazijafunuliwa. Aliyekuwa akizipokea hakuwa mvivu. Alipokea fomu za stoo sita, kurasa nyingi kila jioni, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwenye kurasa hizo atafute nini.

Tangu hapo nikiingia kwenye biashara ya mtu naomba niletewe kila ripoti inayoandikwa, nazitandika mezani, na kwa kila moja namuuliza anayeipokea: ukishaisoma hii, unafanya nini ambacho usingekifanya? Asipokuwa na jibu, ripoti hiyo naomba ife. Fanya hivyo na zile jumbe 40. Nakisia zitakazobaki hazifiki kumi, na katika hizo zinazokuhusu wewe ni chache mno.

Kundi la WhatsApp waachie wasimamizi na meneja wa uzalishaji, wewe toka. Saa 11 jioni mhasibu akutumie ujumbe mmoja: mifuko iliyotengenezwa, iliyouzwa, mahindi yaliyobaki yakihesabiwa kwa siku na si kwa magunia, fedha zilizopo pamoja na madeni ya wateja yaliyopita siku 30, na jambo moja lisilo la kawaida kama lipo. Mahindi ya siku sita unaelewa mara moja, magunia 264 inabidi ukae upige hesabu. Yapo pia mambo ya kukupigia simu hata usiku wa manane: mtu ameumia, mashine imesimama zaidi ya saa mbili, mzigo umegundulika una sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, mteja mkubwa amehamia kwingine. Mengine yote yana mwenyewe. Wiki ya kwanza mkono utakuwasha kuuliza kuna nini. Jizuie, kwa sababu kila ukimjibia mtunza stoo swali lake, unamfundisha kutokuamua.

Muda utakaoupata, utumie kuangalia nje. Mahindi ya ukanda wetu yanavunwa katikati ya mwaka na bei inakuwa chini baada ya mavuno, kisha inapanda kuelekea Januari na Februari. Kwa kiwanda chako uamuzi mkubwa wa mwaka ni huu: Julai na Agosti tununue mahindi ya miezi mingapi? Ukinunua ya mwezi mmoja unabaki mikononi mwa madalali. Ya miezi sita yanafunga mtaji wote, labda na mkopo wa benki juu yake, na yakiwekwa na unyevu yanazaa sumukuvu. Taarifa za uamuzi huo hazimo kabisa kwenye kundi lako. Ziko kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inayotoa utabiri kabla ya vuli na kabla ya masika. Vuli za mwisho wa 2023 zilikuja na El Niño, na aliyetegemea kuanika kwenye turubai mvua hizo zilimfika. Ziko pia mpakani. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Kiwanda kilicho mwendo mfupi kutoka mpaka wa Holili hakiwezi kuliona jambo kama hilo kuwa habari ya redioni tu. Mpaka ukifungwa, mahindi yanabaki upande huu na bei inalegea. Ukame ukipiga Kenya, malori yanavuka na unajikuta unagombania gunia na mnunuzi wa Taveta. Angalia na bei ya trei ya mayai sokoni Mbuyuni. Ikishuka wiki nyingi mfululizo wafugaji wanaanza kuuza kuku, na kuku aliyeuzwa hali chakula chako tena.

Taarifa za aina hii hazina usahihi wa kipima unyevu. Zinakuja nusunusu, nyingine zinapingana. Wamiliki wengi wanazikimbia kwa sababu hiyo na kurudi kwenye jumbe za mizani, ambazo angalau zina namba kamili. Nakuelewa ukivutwa huko, lakini ukisubiri uhakika wa mahindi, Agosti inakuwa imepita. Nunua kwa mafungu: fungu kubwa wakati wa mavuno, jingine Oktoba baada ya kuona vuli inasemaje, na ubakize fedha ya dharura.

Hapo ndipo nafika kwenye mpango wenu wa Januari. Kwanza, Januari si mwanzo wa mwaka wenu. Mwaka wa kiwanda cha chakula cha mifugo unaanza na mavuno. Mkikaa Januari, uamuzi mkubwa mlishaufanya miezi sita iliyopita bila mpango. Kaeni Mei, kabla mahindi mapya hayajaanza kutoka.

Pili, mpango wenu, kama ninavyousoma kwenye barua, unasema "mauzo yaongezeke asilimia 15". Asilimia 15 haina maana kwa mtu anayemwaga pumba kwenye mashine. Kwake ina maana mifuko 184 kwa siku badala ya 160. Ukishaisema hivyo, maswali yanaanza kujileta yenyewe. Tuseme mashine yenu ya kuchanganyia inabeba nusu tani na mkupuo mmoja, tangu kupakia mpaka kutoa, ni dakika 20. Hiyo ni tani moja na nusu kwa saa, tani 12 kwa saa nane. Mifuko 184 ni tani 9.2, inawezekana. Ile mifuko 240 ya Desemba ni tani 12 kamili, yaani umeme ukikatika saa mbili tu umeshashindwa kabla hujaanza. Kwa hiyo Desemba mnahitaji saa za ziada au zamu ya pili, na watu wa zamu ya pili wanafundishwa Novemba. Mpango ukishashuka mpaka kwenye dakika za mashine, hausahauliki Machi, kwa sababu kila mtu anajua kipande chake.

Halafu msiandike mara moja mkafunga. Kila mwisho wa mwezi mameneja wako wawili na mhasibu wakae saa moja na nusu, waangalie miezi mitatu iliyo mbele, waufute mwezi uliokwisha na kuongeza mmoja mwishoni. Ukurasa mmoja unatosha. Wewe ingia dakika 30 za mwisho, wakueleze wapi wanahitaji fedha au ruhusa.

Nigusie jambo moja ambalo haliandikwi kwenye michoro ya piramidi. Taarifa hazipandi juu zikiogopa. Magunia 12 yakilowa kwa sababu bati linavuja, na mara ya mwisho aliyesema jambo kama hilo alifokewa mbele ya wenzake au kukatwa mshahara, safari hii magunia yatachanganywa kimyakimya na mengine. Wiki mbili baadaye mteja wa Machame anapiga simu kwamba kuku wameacha kutaga, na hakuna programu duniani itakayokuonyesha yale magunia 12. Anayeleta habari mbaya mapema mshukuru hadharani, hata kama moyoni unaungua. Kosa mtalizungumza ofisini mkiwa wawili.

Nimalizie na programu. Herbert Simon, Mmarekani aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 1978, alitenganisha maamuzi yanayojirudia kwa kanuni na yale yanayokuja mapya kila mara. Ya aina ya kwanza kompyuta inayaweza vizuri: rundo limefika 350, agiza, mteja amepitisha siku 30, msimpe mkopo mwingine. Ya aina ya pili, kama kununua mahindi ya miezi mingapi, itakusaidia kuona namba tu. Kama leo hamjakubaliana nani anaamua nini, programu itachukua zile jumbe 40 na kuzigeuza chati 40 za rangi. Endesheni kwanza msimu mmoja kwa kadi za stoo, daftari la wateja na Eksel ya mhasibu. Baada ya hapo mwite yule kijana umuulize: inaweza kunionyesha mahindi kwa siku? Inaweza kutoa mauzo ya chakula cha kuanzia wiki kwa wiki? Nani ataingiza namba kila siku, na umeme ukikatika anaingizaje? Tukiachana, taarifa zetu tunaondoka nazo? Akijibu vizuri, nunua kwa moyo mweupe.

Kwa wiki hii inatosha chaki, mlango wa stoo na ile 350. Oktoba ikifika, meneja wa mauzo awapigie mawakala wa vifaranga, aandike wamepokea oda ngapi za Novemba, kisha akae na mwenzake waifute hiyo namba na kuweka inayostahili. Baada ya Krismasi niandikie uniambie mlango ulisoma ngapi.